Mibuni Arobaini

Kiswahili kilianza kutuonea sisi wakulima wa kahawa tangu kwenye kamusi. Mti wenyewe unaitwa mbuni. Mwambie mtu wa Dar es Salaam kwamba una mbuni shambani, atakuuliza anataga mayai mangapi. Mbuni mwingine ni yule wa mitindo ya nguo, na huyo analipwa vizuri. Neno mkahawa, ambalo kwa haki lingekuwa la mti, wamepewa watu wenye makochi na kiyoyozi, wanaouza kikombe kimoja shilingi elfu sita na kukuchorea moyo juu ya povu. Sisi tumeachiwa buni, ambayo ukiitamka vibaya mtu anadhani umemwomba atunge uongo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuzaliwa wa mwisho kati ya wavulana. Kwetu Kibosho, kama sehemu nyingi za Uchaggani, kitinda mimba wa kiume ndiye anayebaki na nyumba ya mama na kihamba, yaani shamba la ukoo, kinachoizunguka. Ukiambiwa hivyo una miaka ishirini unajiona umependelewa. Kaka zangu walikatiwa vipande vyao mapema, wakaviangalia, wakapanda basi. Mimi niliyependelewa nilifanya kazi ya uhasibu Dar es Salaam miaka thelathini na moja nikijua kuna kitu kinanisubiri mlimani. Nilipostaafu mwaka 2018 wenzangu wakanipa saa ya ukutani na maneno matamu: nenda mzee, ukapumzike kwenye kahawa zako.

Kupumzika kwenye kahawa! Ni kama kumwambia mgonjwa wa mgongo akapumzike kwa kupakua saruji.

Kihamba chenyewe ni ekari moja na robo. Juu ni migomba, chini ya migomba ni mibuni, chini ya mibuni ni magimbi, hapa na pale mgrevilea wa kivuli na kuni, na kwenye mpaka masale. Pembeni kuna zizi lenye ng'ombe wawili ambao hawajawahi kutoka nje. Wanaletewa majani kitandani kama wagonjwa wa daraja la kwanza. Wataalamu wakija wanasema huu ni mfumo wa ajabu wa kilimo mseto, uliodumu karne na karne, wanapiga picha, wanateremka. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza unapitaje humo na ndoo mbili. Kila kazi unaifanya umeinama, na ukinyanyuka kunyoosha kiuno unapigwa kisogoni na mkungu wa ndizi.

Mibuni yetu ni 340. Ilikuwa 380. Kuhusu hiyo arobaini iliyopungua nitaeleza, lakini naomba nijisogeze taratibu, maana mama yangu huifikia kila siku bila kuzunguka.

Mama ana miaka 84. Anatembea na fimbo ambayo haimsaidii kutembea, inamsaidia kuonyesha. Kadi ya chama ni yake, jina kwenye kitabu cha mizani ni lake, neno la mwisho ni lake. Mimi ni mbebaji. Na yeye hahesabu miaka kama watu wengine. Ukimuuliza dada yangu alizaliwa lini, atakwambia "mwaka ule wa bati." Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa maana yake. Julai 1975 barafu iliunguza mashamba ya kahawa kule Brazili, bei ikapaa dunia nzima, na hela zilipotufikia baba akaondoa nyasi juu ya nyumba akaezeka bati. Baba hakuwahi kuvuka Namanga, lakini habari za hali ya hewa ya Brazili alizijua kuliko za Arusha. Naamini kabisa kwamba padre alipoombea mvua kanisani, baba aliitikia amina kwa sauti, kisha kimoyomoyo akaongezea ombi la usiku mmoja tu wa baridi kali kwa ndugu zetu wa ng'ambo.

Kuna pia mwaka wa vyama kuvunjwa. Huo ni 1976, serikali ilipoviondoa vyama vya ushirika, pamoja na KNCU iliyokuwa imekaa mlimani tangu 1933. Baba aliuchukulia kama msiba wa ndugu. Kwake ushirika ulikuwa jambo la kifamilia. Babu alikuwa mwanachama wa chama kilichoutangulia, kile cha 1925, na hadithi zake tulizisikia mara nyingi kuliko za Agano la Kale. Ushirika ulipofufuliwa miaka ya themanini, baba alirudi na kitabu chake kilekile cha zamani, kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Halafu kuna mwaka wa pikapu, baada ya 1994, wanunuzi binafsi waliporuhusiwa na kila njia ya panda ikawa na kijana mwenye pikapu, mzani wa kuning'iniza na fedha taslimu. Mama anasema mzani wa aina ile ulikuwa na aibu: ukiutazama sana unashusha macho.

Kahawa ililetwa mlimani na mapadre, Kilema, mwishoni mwa karne ya 19. Naliheshimu Kanisa, nilibatizwa humo na nitazikwa humo, lakini nina swali kwa mapadre wale. Walikuja na mbegu mbili, ya imani na ya kahawa. Mbona wakatuonjesha moja tu?

Maana sisi hatuinywi. Nyumbani kwetu asubuhi ni chai ya maziwa, mchana ni maji, na jioni ukibahatika ni mbege. Watu wa pwani, wasio na mbuni hata mmoja, ndio wanaojua kuinywa: nenda Kariakoo jioni uone wazee na vikombe vidogo, dele linapita, kashata mkononi, Simba na Yanga zinasuluhishwa. Sisi tunaoikeshea hatujui hata inachemka dakika ngapi.

Mwaka juzi kijana wa kaka mkubwa alitujia na mchumba wake Mjerumani. Binti mpole, amesalimia shikamoo kwa kila mtu mpaka kwa mtoto wa jirani wa miaka tisa. Baada ya kukaa akasema kwa adabu sana kwamba, kama si usumbufu, angependa kuonja kahawa ya hapahapa nyumbani. Sebule nzima ikanyamaza. Stoo ilikuwa na magunia sita ya kahawa ya maganda. Ya kunywa, hata kijiko. Mke wangu akanitazama, mimi nikamtazama mama, mama akatazama picha ya Papa ukutani. Mtoto akatumwa mbio kwa Mangi wa dukani akarudi na pakiti mbili za Africafe, ile ya unga inayotoka Bukoba. Ikakorogwa jikoni, ikaletwa kwenye vikombe vya harusi. Binti akanusa, akafumba macho, akasema kwamba unaisikia kabisa ladha ya mlima.

Mlima! Bukoba iko kando ya Ziwa Victoria. Nilipopekua baadaye nikaona aibu yetu ilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani. Wajapani, ambao wanaipenda sana kahawa yenye jina Kilimanjaro, kanuni zao zinaruhusu jina hilo lipakwe kwenye arabika ya Tanzania yote. Ya Mbinga ni Kilimanjaro, ya Mbozi ni Kilimanjaro, sina neno, waacheni ndugu zetu wale. Isipokuwa ya Bukoba. Yaani katika kahawa zote za nchi hii, sisi tulimtafutia mgeni ile moja ambayo hata Mjapani anakataa kuiita Kilimanjaro.

Turudi shambani, ingawa mimi nisingependa.

Shamba letu lina wakubwa watatu. Wa kwanza ni mama. Wa pili ni bibi shamba, binti wa miaka ishirini na saba mwenye diploma na buti safi. Wa tatu ni kaka mkubwa, anayelima kwa simu kutoka Mbezi Beach, kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, kwa ujumbe wa sauti wa dakika saba. Hawa watatu hawajawahi kukubaliana jambo lolote isipokuwa kwamba mimi nimekosea.

Chukua kupogoa. Bibi shamba anasema mibuni imezeeka, ikatwe mashina kwa zamu ili ichipue upya. Misimu miwili huvuni sehemu ile, baadaye unafurahi. Nikamfikishia mama. Akauliza, "Huyo binti ana bibi?" Nikasema bila shaka anaye. "Basi akamkate miguu kwanza, tuone kama atachipua." Nikarudi kwa bibi shamba na majibu yaliyolainishwa. Wakati huohuo kaka mkubwa ametuma ujumbe kwamba ameona video kutoka Kolombia na anashangaa kwa nini bado tunahangaika na mambo ya kizamani. Nikamwomba aje atuonyeshe. Akajibu kwa kidole gumba.

Au chukua dawa. Kahawa ya zamani inaugua chulebuni, ugonjwa unaosubiri tunda likiwa bichi, limejaa, umeshalipigia hesabu ya mabati, ndipo unalikausha likiwa mtini, jeusi kama punje ya pilipili manga. Likipona hapo kuna kutu ya majani. Enzi za baba ilikuwa mrututu. Shamba zima lilikuwa la buluu, migomba ya buluu, na sisi watoto tulikwenda shule na masikio ya buluu bila mwalimu kuuliza. Siku hizi dawa zimebadilika, bomba la mgongoni ni lilelile. Linavuja. Halivuji popote tu, linavuja pale pale suruali inapoanzia, na kwenye baridi ya Kibosho ya saa moja asubuhi hicho ni kitu ambacho hakijaandikwa kwenye kijitabu chochote cha kilimo bora.

Nitasema jambo moja zuri, kisha niendelee. Mvua ikinyesha baada ya ukame, siku chache baadaye unaamka na mibuni imevaa maua meupe, yote kwa pamoja, kama imeambizana. Harufu yake ni ya asumini. Inaingia dirishani, inaingia kwenye uji, inazima hata harufu ya zizi. Hata mama husimama na fimbo yake bila kuonyesha chochote. Siku tatu nne hivi, maua yananyauka, na unaanza kudaiwa.

Kudaiwa kwenyewe ni kuanzia Julai hivi mpaka Desemba. Kahawa, tofauti na mahindi, haina adabu ya kuiva siku moja. Tawi moja lina tunda jekundu, la njano, bichi kabisa, na jingine limeshakauka. Unachuma mekundu tu, unaondoka, unarudi baada ya wiki mbili, na unarudi tena. Nani wa kuchuma? Vijana wote wako kwenye bodaboda, na wana haki yao; pikipiki haina chulebuni. Nilipata wapwa wawili kipindi cha likizo. Hao walikuwa na njia yao: unashika tawi juu, unavuta chini, kila kitu kinaingia ndooni, bichi, bivu, jani na sisimizi. Mama aliimwaga ndoo nzima kwenye mkeka, akakaa chini, akaanza kuokota mabichi moja moja, kila moja akiliinua na kulitajia jina la mchumaji wake. Ilichukua saa mbili. Wapwa waliomba warudi shule mapema.

Sasa nitafanya uhasibu kidogo, ndiyo kazi niliyoisomea. Kilo tano za kahawa mbivu, ukishaimenya, ukaiosha na kuikausha, zinakupa kilo moja ya maganda. Maganda yakikobolewa inabaki kama gramu mia nane ya kahawa safi. Ikikaangwa inapungua tena, shika gramu 660. Kikombe kimoja mpe gramu kumi: vikombe 66. Kwa elfu sita ya pale penye makochi, ni shilingi 396,000. Mimi kwa kilo ile moja nililipwa kiasi ambacho sitakiandika hapa kwa kuwa mke wangu husoma safu hii. Najua kuna kodi ya pango, kuna umeme, kuna yule kijana wa kuchora moyo. Nasema tu kwamba sijaona zao jingine linalokupungukia mkononi kila unapoligusa, halafu likanenepa likiwa mbali nawe.

Kuna mitambo ya pamoja ya kumenya, ambako unapeleka kahawa mbivu, unapima, unarudi kulala. Vijiji vingine wanafurahia. Kwetu mama hataki kahawa yake ichanganywe na ya watu ambao anawajua wanavyochuma. Kwa hiyo tunamenya nyumbani, kwa mashine ya mkono, na lazima iwe siku ileile ya kuchuma, maana ikilala na ganda lake jekundu inaharibika ladha. Ladha ambayo, narudia, hakuna mtu humu ndani anayeijua. Mashine tunashirikiana na majirani wawili, kwa hiyo inatufikia saa mbili usiku. Mmoja anazungusha, mmoja anamwaga kahawa, mmoja anamwaga maji, na mama anashika taa na kusema "taratibu." Mimi ndiye ninayezungusha.

Baada ya hapo ni kuvundika. Punje zinatoka zimevaa utelezi, unaziacha kwenye pipa utelezi uoze, kwa baridi ya huku siku moja na nusu, mara nyingine mbili. Bibi shamba ana saa. Mama ana mkono: anauzamisha, anashika konzi, anasugua karibu na sikio. Ikilia kama kokoto, tayari. Ikiwa bado inateleza kama bamia, bado. Mara moja nilijiamini nikasema iko tayari. Kumbe bado, ikakauka na madoa. Mara nyingine nilijihadhari nikachelewa, ikatoa harufu iliyomfanya mke wangu aulize kama kuna mtu amefia kwenye pipa. Kisha unaosha kwa maji ya mfongo, ule mfereji wa mlimani, na mfongo una zamu, na zamu yetu, sijui ni nani aliyeipanga wala alitutakia nini, ni alfajiri.

Halafu kukausha, na hapa ndipo nilipozeekea.

Tuna meza tatu za wavu. Kahawa inalala humo siku kumi mpaka kumi na nne, na kwa siku hizo zote wewe ni yaya. Asubuhi unaifunua. Unaigeuza kila mara. Jua la mchana likiwa kali sana unaifunika, maana ganda litapasuka. Jua likipungua unaifunua. Wingu likishuka kutoka Kibo unaifunika. Likipita unaifunua. Jioni unaifunika kwa sababu ya umande. Watoto wangu wote wanne sikuwahi kuwafunika mara nyingi hivi. Na msimu unaishia Novemba na Desemba, ndani ya vuli, ili kusudi upate mazoezi usiku pia. Simu inaniambia kesho jua. Mama anatazama Kibo, anasema mvua. Nimeacha kuiamini simu tangu 2020. Ila kuna usiku mama naye hukosea, saa tisa ananigongea dirisha, "Baba, mvua! Baba!" natoka na bukta na turubai, kumbe ni jani la mgomba linapigapiga bati. Lile bati la Brazili.

Kahawa iliyokauka vizuri ina unyevu wa asilimia 11 hadi 12. Bibi shamba ana kifaa cha kupimia. Mama anaweka punje kati ya meno yake machache, anaiuma, anasikiliza. Msimu uliopita niliwashindanisha makusudi, nikitarajia sayansi inipatie likizo. Mama akauma akasema bado kesho. Kifaa kikasema 13. Bibi shamba akacheka, akamshika mama mkono, na tangu siku hiyo wale wakubwa wangu wawili wana urafiki unaonitisha.

Chama chetu cha msingi sikitaji jina, kwa sababu katibu wake namwona kila Jumapili. Nitasema tu kwamba siku ya mzani ni lazima karani achelewe, na akifika funguo lazima ziwe kwa mtu mwingine. Unapewa malipo ya awali. Kahawa inakwenda kukobolewa, inapangwa madaraja, AA, A, B na ndugu zao, inauzwa mnadani, na ikipata bei nzuri mnaongezwa malipo ya pili. Mama huyataja malipo ya pili kama anavyoutaja ujio wa pili: yatakuja, siku wala saa hatuijui, tukeshe. Kuna daraja moja wanaliita PB. Kwa kawaida tunda lina punje mbili zilizobanana, kila moja ina upande bapa. PB ni ile iliyokaa peke yake ndani ya tunda, ikawa mviringo. Baba alikuwa ananiita hivyo, kitinda wa kiume niliyebaki peke yangu nyumbani. Nilikuwa na umbo pia.

Haya. Arobaini.

Mwaka 2019 bei ya arabika kule New York ilishuka chini ya dola moja kwa ratili. Kwetu kila aliyekuwa na mdomo alikuwa anazungumzia parachichi. Parachichi ni dhahabu ya kijani, parachichi linataka kupanda na kukaa, wanunuzi wanalifuata shambani na magari ya baridi. Kaka mkubwa alituma ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja. Wazee wanasema zamani kung'oa mbuni ilikuwa kesi, unaitwa barazani. Nikajiambia zamani imepita. Mama alikuwa amekwenda Arusha kwa dada yangu wiki mbili. Nikatafuta vijana wawili na majembe, tukang'oa mistari miwili ya chini, karibu na mfongo, nikapanda miche ya parachichi. Mhasibu nilipiga hesabu kwenye karatasi. Ilikuwa nzuri sana ile karatasi.

Mama aliporudi hakupiga kelele. Angepiga kelele tungemaliza siku ileile. Alishuka mpaka chini, akasimama, akaanza kuonyesha mashimo kwa fimbo, moja baada ya jingine, midomo ikicheza. Alipofika mwisho akasema, "Arobaini." Akakaa kimya. Kisha akasema, "Hii mistari miwili ilikulipia kidato cha tano na cha sita. Umeng'oa kidato cha sita."

Tangu hapo kila ninapokosea hesabu yoyote, chenji ya dukani, idadi ya wageni, anawaambia watu kwa upole: msamehe, huyu aliishia kidato cha nne.

Bei ikaanza kupanda. Nilikuwa naomba isipande, Mungu anisamehe, mimi pekee katika Kibosho nzima nilikuwa naomba Brazili wapate mvua ya kutosha. Ikapanda. Februari 2025 ikapita dola nne kwa ratili. Redio ikatangaza, kaka mkubwa akaituma kwenye kundi bila maneno, na mama, ambaye miaka yote aliuliza kama huko New York kuna mlima na wanachuma mwezi gani, siku hiyo hakuuliza chochote. Alichukua fimbo akateremka kwenye maparachichi. Nilimsikia kutoka jikoni. "Moja. Mbili. Tatu."

Na maparachichi yenyewe? Yamekuwa marefu. Mnunuzi amekuja mara moja, akayapima kwa macho, akasema madogo. Popo hawajawahi kuyaona madogo.

Wiki iliyopita nilishuka Moshi mjini kutafuta mipira ya bomba la dawa, kwa sababu linavuja. Niliporudi saa tisa alasiri sikumkuta mama mezani kwenye kahawa, jambo lisilo la kawaida. Kahawa ilikuwa imefunikwa turubai vizuri. Nikasikia sauti huko chini karibu na mfongo. Nikateremka. Nikamkuta amekaa kwenye kigoda, bibi shamba amevaa buti zisizo safi tena, na mtoto wa jirani anachimba. Mashimo yamepita katikati ya maparachichi, mistari miwili iliyonyooka. Kando yake kwenye majani ya mgomba kulikuwa na miche, ile ya vikonyo, ya kahawa mpya isiyougua chulebuni wala kutu. Sikuhitaji kuihesabu. Nikaihesabu.

"Shikamoo baba," akasema bibi shamba, akiangalia chini.

"Mama," nikasema, "hela ya miche imetoka wapi?"

"Malipo ya pili yalikuja."

"Yalikuja lini?"

"Ulikuwa umelala."

Nikavuta pumzi. Nikamweleza taratibu, kama mtu aliyesoma, kwamba mbuni unachukua miaka mitatu kabla ya kukupa mavuno ya maana. Kwamba itakuwa tumefika mbali. Kwamba, mama yangu, nisamehe, hizi atazichuma nani?

Akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwani, kama anavyotazama ndoo kabla ya kuimwaga kwenye mkeka. Kisha akamgeukia mtoto wa jirani akamwambia shimo lile aliongeze kina.

"Na maparachichi yangu je?"

Mama akainua fimbo, akaielekeza juu kwenye matawi, akaizungusha mara moja.

"Hayo ni kivuli."